Somo: Mwaka mmoja wa maonyesho ya picha mtaani

Katika nyumba nyingi za Eastlands kuna bahasha ya picha ambayo haijafunguliwa kwa miaka mingi. Ndani yake, baba kijana amesimama mbele ya pazia la studio. Watoto wamepangwa kwa kimo mbele ya mlango, Kaloleni. Timu ya mtaa imebeba kombe. Nyuma ya picha hakuna jina wala mwaka. Anayewajua wote ni nyanya mmoja tu, na siku atakapoondoka, picha hiyo itakuwa ya watu wasiojulikana.

Somo hili linaeleza jinsi kikundi cha vijana, chama cha wakazi au wasomaji wa maktaba wanavyoweza kuandaa maonyesho ya picha kwa mwaka mzima. Linaeleza pia kwa nini kazi kubwa si kutundika picha, bali ni kukusanya majina.

Kwa nini kazi hii haingoji

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa jiji. Mtoto aliyeletwa huko mtaa ukiwa mpya sasa ana umri wa miaka 80 hivi. Nyumba nazo zinabadilika. Pangani, nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa na maghorofa yakajengwa mahali pake. Mitaa mingine, ikiwemo Bahati, Maringo na Jericho, imo katika mpango wa kujengwa upya. Wakazi wana maoni tofauti kuhusu mabadiliko hayo. Lakini jambo moja halina ubishi: nyumba ikishabomolewa haiwezi kupigwa picha tena.

Mathare ilivyoanza

Mwaka 1997, mpigapicha Lana Wong alishirikiana na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kuanzisha mradi wa Shootback. Wavulana na wasichana 31, wengi wao wa umri wa kwenda shule, walipewa kamera za plastiki za bei nafuu. Walipiga picha za nyumbani kwao, njia zao, marafiki na michezo yao, kisha wakaandika maneno yao wenyewe kuhusu kila picha. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu na kuonyeshwa nchi za nje.

Mmoja wa watoto hao, Julius Mwelu, alikua akawa mpigapicha. Mwaka 2007 alianzisha Mwelu Foundation hapo hapo Mathare ili kuwafunza vijana wengine upigaji picha na utengenezaji filamu.

Fundisho la kwanza linatoka hapa. Kabla ya Shootback, Mathare ilikuwa imepigwa picha mara nyingi na wageni. Watoto hao walileta kile ambacho mgeni hakuwa nacho: walijua majina ya waliomo kwenye picha.

Fundisho la pili linatoka kwa Picha Mtaani, maonyesho yaliyoanzishwa na mpigapicha Boniface Mwangi baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008. Picha zilitolewa nje, mahali ambapo mtu anayetoka sokoni angeziona bila kuingia katika jumba la sanaa. Kisha watu walialikwa kuzungumza juu ya walichokiona. Onyesho zuri la mtaani humpa mtazamaji nafasi ya kujibu.

Kugawanya mwaka

Maonyesho manne yanatosha kwa kikundi kidogo. Kalenda ya shule husaidia, kwa sababu wanafunzi huwa nyumbani wakati wa likizo.

Aprili: picha za zamani za familia na za mtaa.

Agosti: picha za kazi, kama vile mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wauzaji wa Gikomba na wasusi wa vikapu wa Kariokor.

Oktoba, wakati wa Siku ya Mashujaa: wazee wa mtaa, kila mmoja akipigwa picha leo na kuwekwa kando ya picha yake ya ujana.

Desemba: picha zote za mwaka zinarudi ukutani, safari hii zikiwa na majina yaliyopatikana.

Mpango huu una sababu. Katika onyesho la kwanza, chini ya kila picha pawekwe karatasi tupu na kalamu ya risasi ikifungwa kwa uzi. Swali ni moja: unamjua nani hapa? Mama mmoja ataandika jina la jirani yake wa zamani. Mwingine atasahihisha mwaka. Kufikia Desemba, ukuta utakuwa umejibiwa na mtaa wenyewe.

Mahali si lazima pawe pa gharama. Ukumbi wa kijamii, kanisa, msikiti au shule hufaa. Kuna pia maktaba za kaunti zilizoko Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk limezikarabati kwa ushirikiano na Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kikundi kizungumze na mkutubi mapema.

Kutunza picha ya mwenyewe

Picha halisi isitundikwe. Ilaze mezani karibu na dirisha, mbali na jua kali, uipige kwa simu ukiwa umezima flashi, kisha umrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo. Kinachotundikwa ni nakala. Usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya. Tumia kalamu ya risasi laini, pembeni, bila kukandamiza. Usitumie gundi wala selotepu.

Kila picha iingizwe kwenye daftari: mwenye picha, waliomo, mahali, mwaka, aliyeipiga na ruhusa iliyotolewa. Mwaka usipojulikana, majengo husaidia. Mnara wa KICC ulikamilika 1973, kwa hiyo picha inayouonyesha ukiwa kamili haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Buruburu na Dandora zilianza kujengwa miaka ya 1970. Bado ikishindikana, andika "mwaka haujulikani". Pengo lililo wazi ni afadhali kuliko tarehe ya kubuni.

Ruhusa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na picha inayomtambulisha mtu ni mojawapo. Kabla ya kutundika, mweleze mhusika picha itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na kama itawekwa mtandaoni. Kukubali ukumbini si kukubali mtandaoni. Aliyekubali anaweza kubadili nia, na hapo picha inateremshwa. Kwa mtoto, ruhusa hutolewa na mzazi au mlezi, na maslahi ya mtoto hutangulia.

Mgonjwa, aliyefiwa au anayefurushwa nyumbani asipigwe picha kwa sababu tu kamera ipo. Jiulize: je, ungependa mama yako aonekane hivi ukutani, majirani wakipita?

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nani katika mtaa wetu anakumbuka majina mengi zaidi, na tutamtembelea lini?

2. Ni jengo gani, duka au uwanja gani unaoweza kutoweka kabla mwaka haujaisha?

3. Daftari la picha litawekwa wapi, na nani atalishika kikundi kikivunjika?

Kazi ya wiki hii: fungua bahasha moja nyumbani. Keti na mzee mmoja, mwonyeshe picha tano, uandike kila jina atakalotaja. Kwa hizo picha tano, onyesho la kwanza limeshaanza.