Dondoo muhimu: Choki ya bunduki kwa windo la bata mzinga

Choki ni sehemu iliyobanwa kwenye mdomo wa mtutu wa bunduki ya marisau. Ndiyo huamua marisau yatawanyike upesi au yaende yakiwa yameshikamana. Kwa bata mzinga wa mwituni nchini Marekani, hulengwa kichwa na shingo. Akipigwa mwilini, manyoya mazito na misuli ya kifua humkinga asife papo hapo, naye hukimbia kwenda kufia kichakani. Hilo ni teso lisilo la lazima, na ndiyo sababu ya kupendelea choki inayobana sana.

Choki kamili hupeleka takriban asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 umbali wa mita 37. Kwa ndege huyu kipimo cha maana zaidi ni duara la sentimita 25: wawindaji wengi hutaka lipate marisau 100 kwa umbali huohuo. Kubana kupita kiasi hudhuru. Marisau ya risasi hupondeka na kwenda kombo, na ndege aliye mita 15 hukoswa kwa urahisi, kwa kuwa kishada bado kina ukubwa wa ngumi.

Marisau ya chuma hayapondeki, hivyo yasipigwe kwenye choki ambayo mtengenezaji hajairuhusu. Mtutu unaweza kuharibika.

Kila bunduki ina tabia yake. Kabla ya msimu ijaribiwe kwenye karatasi pana, kwa kartriji zilezile zitakazotumika porini, karibu na mbali. Choki hubadilishwa bunduki ikiwa tupu.