SOMO: Kuandika Mazungumzo ya Filamu ya Kikundi



Vikundi vyetu vinajua kuigiza. Siku hizi hata kwa simu mchezo waweza kuwa filamu. Lakini kwanza uandikwe, na uandikwe hivi:

1. Kila onyesho lina kichwa: namba, ndani au nje, mahali, wakati. Mahali au wakati ukibadilika, anza onyesho jipya. Maonyesho ya mahali pamoja yapigwe picha siku moja, mtaokoa nauli.

2. Chini ya kichwa andika kinachoonekana tu. "Ana hasira" hakuonekani. "Anatupa jembe" kunaonekana.

3. Andika jina la msemaji, kisha maneno yake. Tazama mfano:

ONYESHO LA 3. NJE. SHAMBA KANDO YA MTO TANA. ASUBUHI.

Migomba imevunjika. Nyayo za ng'ombe zimejaa. Mkulima, mzee, ameshika jembe. Mfugaji kijana anafika.

MFUGAJI: Hujambo, mzee?

(Mkulima haitiki.)

MFUGAJI: Mzee, nimekusalimu.

MKULIMA: Ng'ombe wako walinisalimu jana usiku.

MFUGAJI: Malka imelimwa, mzee. Wapite wapi kwenda kunywa maji?

MKULIMA: Na mimi nilime wapi, kijana?

Mmeona? Kwetu salamu ni ndefu: watoto, mifugo, mvua. Kwenye filamu tunazikata, la sivyo watazamaji watasinzia. Lakini hapa kutoitika salamu ndiko kunakosema. Hakuna aliyetamka "nimekasirika", na kila mtu ameelewa.

Tena, kila mmoja ana swali la haki. Msimpe mmoja maneno yote ya busara na mwingine upumbavu. Mwaka 2012 na 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa hapa Tana Delta katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mchezo unaomdharau jirani unatonesha kidonda. Basi kabla ya kupiga picha, usomeni mbele ya wazee wa pande zote mbili. Wakisema, "Sisi hatusemi hivyo," futeni, muandike upya.

ZOEZI: Endelezeni onyesho hili kwa mistari sita. Wakulima waandike maneno ya mfugaji, na wafugaji waandike ya mkulima. Kisha someni kwa sauti. Je, nani ataitikia salamu kwanza, na kwa nini?