BAKULI LA WALI LENYE KILA KITU

Sisi wa Ifakara na bonde la Kilombero tunajua kulima mpunga. Kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, mpunga ndio chakula chetu na ndiyo fedha yetu. Mchele wetu unajulikana mpaka Dar es Salaam. Mgeni akifika hupikiwa wali. Mtoto akilia njaa hupewa wali.

Lakini kuna jambo ambalo lazima tuliseme wazi. Kushiba ni jambo moja, na kula vizuri ni jambo lingine. Mtoto anaweza kula wali mtupu kila siku, tumbo likajaa, na bado asikue.

Mwaka 2022 ulifanywa uchunguzi wa afya katika nchi yetu nzima. Ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kudumaa maana yake mtoto ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Mkoa wa Iringa, jirani yetu, unalima chakula kingi. Lakini huko zaidi ya nusu ya watoto wa umri huo walikuwa wamedumaa. Basi ghala lililojaa halitoshi kumkuza mtoto. Magonjwa kama kuhara humrudisha nyuma. Chakula cha aina moja kila siku humrudisha nyuma pia.

Leo tutajifunza kupika bakuli moja la wali lenye chakula cha kila aina.

Bakuli hili limetoka wapi?

Katika nchi ya Marekani kuna jimbo liitwalo Texas. Jimbo hilo limepakana na nchi ya Meksiko. Watu wa pande hizo mbili wamechanganya mapishi yao. Moja ya mapishi hayo ni bakuli la wali. Wali huwekwa chini. Juu yake huwekwa maharage, mahindi, nyama kidogo, nyanya, vitunguu, pilipili na parachichi. Mwisho hukamuliwa ndimu.

Ukisikia majina hayo, utaona kwamba hakuna kitu kigeni. Vyote vinapatikana katika soko la Ifakara. Tena mahindi, maharage, nyanya, pilipili na parachichi asili yake ni huko Amerika. Vilisafiri kwa bahari mpaka vikawa vyetu. Mpunga nao asili yake ni Asia. Ulifika kwetu, na ulifika kwao pia. Kwa hiyo tunachojifunza hapa si kununua vitu vipya. Tunajifunza kuviweka pamoja.

Kila chakula kina kazi yake

Mwili unahitaji vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili.

Wali, mahindi na mafuta hutia nguvu. Ndivyo vinavyotuwezesha kushika jembe.

Maharage, samaki, nyama na mayai hujenga mwili. Wali na maharage husaidiana. Kile kilicho kidogo katika wali kimo katika maharage, na kile kilicho kidogo katika maharage kimo katika wali. Ndiyo maana wali kwa maharage ni chakula bora kuliko wali mtupu, hata siku ambayo nyama haipo.

Mboga za majani, nyanya, parachichi na ndimu hulinda mwili. Mboga za majani na maharage vina madini ya chuma, ambayo huongeza damu. Maji ya ndimu huusaidia mwili kuyapata madini hayo. Lakini chai huyazuia. Kwa hiyo usinywe chai pamoja na chakula hiki. Ngoja kwanza kama saa moja.

Vitu vinavyohitajika kwa watu 6

Mchele vikombe 4. Tumia kikombe kikubwa cha chai.
Maharage makavu vikombe 2.
Mahindi mabichi 3.
Mchicha au matembele mafungu 2.
Nyanya 6.
Vitunguu maji 3 na punje 4 za kitunguu saumu.
Parachichi 2 na ndimu 2.
Perege au kambale wa kutosha kila mtu kipande. Nyama ya kuku pia inafaa.
Mafuta ya kupikia.
Binzari nyembamba kijiko 1 kidogo. Ni ile ya kutia katika pilau.
Chumvi yenye madini joto.
Pilipili, kwa wanaoitaka.

Namna ya kupika

1. Jioni ya kwanza chambua maharage, yaoshe, na yaloweke usiku kucha. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi na huokoa kuni.

2. Siku ya pili mwaga maji ya kulowekea. Tia maji mapya. Chemsha kwa moto mkali, kisha acha yaendelee kuchemka mpaka yawe laini kabisa. Maharage yasiyoiva huumiza tumbo.

3. Chemsha mahindi yakiwa na magunzi yake. Yakiiva, yapukuchue. Kama si msimu wa mahindi mabichi, tumia mahindi makavu yaliyokobolewa, kama yale ya kande. Yaloweke na kuyapika pamoja na maharage.

4. Chambua mchele, utoe mawe na chuya, kisha uoshe. Chemsha maji vikombe 7 pamoja na chumvi na mafuta vijiko 2. Tia mchele, funika. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto. Palia makaa juu ya mfuniko mpaka wali uive.

5. Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu 2 na kitunguu saumu. Tia binzari nyembamba, kisha nyanya 3 zilizokatwa. Zikishalainika, tia maharage na chumvi. Acha yachemke mpaka mchuzi uwe mzito.

6. Osha mboga za majani kabla ya kuzikata. Zipike kwa mafuta kidogo na kwa muda mfupi. Ukizipika muda mrefu, uzuri wake hupotea.

7. Kaanga samaki, au mchome kwenye makaa.

8. Mwisho tengeneza kachumbari. Nawa mikono kwa sabuni. Osha nyanya 3 na kitunguu 1 kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Katakata, tia chumvi kidogo, na ukamulie ndimu 1. Menya parachichi, uziponde kwa kijiko, na ukamulie ndimu ya pili ili zisigeuke rangi. Kachumbari haipiti motoni. Maji machafu yakiingia humo, ugonjwa wa kuhara huingia pia.

Namna ya kupakua

Weka wali chini ya bakuli, nusu yake tu. Upande mmoja weka maharage na mahindi. Upande wa pili weka mboga za majani. Juu weka kipande cha samaki. Malizia kwa kachumbari na parachichi. Anayetaka pilipili ajitilie mwenyewe.

Pika chakula cha kutosha siku hiyo. Wali uliolala mahali pa joto unaweza kutapisha, hata ukipashwa moto asubuhi.

Bakuli la mtoto

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Kula pamoja katika sinia ni desturi njema. Huleta upendo katika nyumba, na hatusemi iachwe. Lakini tazama vizuri watoto wanapokula. Mkubwa ana mkono mrefu na anatafuna haraka. Mdogo wa miaka 2 anatafuna polepole. Samaki huisha, maharage huisha, na mdogo hubaki na wali mtupu. Mama akimwuliza kama ameshiba, hujibu ameshiba. Ni kweli ameshiba, lakini ameshiba wali.

Mtoto mdogo apewe bakuli lake mwenyewe. Katika bakuli lake mama ataona ni nini ameweka, na ni nini mtoto amekula. Mtoto akibakiza maharage, mama ataona. Akikataa chakula kwa sababu anaumwa, mama atajua mapema.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji chakula hiki. Maziwa ya mama yanamtosha. Akitimiza miezi 6, aendelee kunyonya na aanze kula. Mpondee wali, maharage, mboga na parachichi mpaka viwe laini. Toa miiba ya samaki. Usimtilie pilipili.

Mama mjamzito naye anajenga mwili wa mtu wa pili. Kipande kizuri cha samaki kisiwe cha baba peke yake.

Tukiwa mbali na soko

Wakati wa kilimo wengi wetu huhamia mashambani na watoto. Tunalala katika dungu, mbali na soko. Huko hakuna kila kitu, lakini bakuli halikosi kujazwa. Maharage yakikosekana, tumia kunde, choroko au mbaazi. Mchicha ukikosekana, tumia majani ya kunde, ya maboga au kisamvu kilichotwangwa na kuiva vizuri. Samaki mbichi akikosekana, tumia samaki mkavu au dagaa. Parachichi likikosekana, mpe mtoto embe au papai. Kabla ya kuhama, funga maharage na dagaa katika mzigo wako pamoja na mbegu.

Mpunga ubaki nyumbani

Bakuli haliwezi kujaa kama ghala ni tupu. Wakati wa mavuno wanunuzi huja, na bei huwa ndogo. Mwenye haraka huuza yote. Miezi michache baadaye hununua mchele kwa bei kubwa, na fedha ya samaki na maharage huishia hapo.

Tufanye hesabu. Tuseme familia inapika mchele kilo 1 kwa siku. Kwa mwaka mzima itahitaji kilo 365. Gunia la mpunga la kilo 100 likikobolewa hutoa mchele kama kilo 60. Magunia 6 hutoa kilo 360. Bado zinapungua kilo 5. Basi familia hiyo iweke magunia 7. Ziada ni ya wageni na ya shida. Mbegu iwekwe kando.

Hesabu hii baba na mama waifanye pamoja, kabla mnunuzi hajafika mlangoni.

Maswali

1. Kwa nini mtoto aliyeshiba wali anaweza kudumaa?
2. Taja chakula kimoja cha kutia nguvu, kimoja cha kujenga mwili na kimoja cha kulinda mwili.
3. Kwa nini tunakamulia ndimu?
4. Kuna faida gani mtoto kuwa na bakuli lake?
5. Familia yako hupika kilo ngapi za mchele kwa siku? Piga hesabu ya magunia ya mpunga unayopaswa kuweka kwa mwaka.

Kazi ya darasa

Kila mwanakisomo alete kitu kimoja: huyu mchele, yule maharage, mwingine mboga. Pikeni bakuli hili pamoja, wanaume na wanawake. Waiteni watoto. Kila mtoto apakuliwe katika bakuli lake, na kila mmoja wenu aandike katika daftari kile ambacho mtoto wake amekula na kile alichobakiza.