Jina la Baba: Habari za Mwimbaji Kiwanuka



Unakumbuka siku ya kwanza ulipoandika jina lako? Mimi nimewaona watu wengi siku hiyo. Mtu mzima wa miaka hamsini anashika kalamu kama anashika mpini wa jembe, na jasho linamtoka. Akimaliza herufi ya mwisho anainua daftari juu na kuwaonyesha jirani zake. Kabla ya hapo alikuwa akitia dole gumba tu kwenye karatasi za ushirika. Sasa jina liko pale, ameliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Basi leo tutasoma habari za mtu aliyeulizwa kama hawezi kuliweka jina lake pembeni. Hakutishwa kwa bunduki wala kwa jela. Aliulizwa kwa upole tu, tena na watu wa kazi yake: je, huwezi kutafuta jina jingine la jukwaani? Mtu huyo ni Michael Kiwanuka, mwimbaji wa Uingereza.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Anaitwa Kiwanuka, na ni Mwingereza. Hebu tuanze na wazazi wake.

WAZAZI WALIOKIMBIA

Kiwanuka ni jina la Kiganda, yaani la watu wa Buganda, kule kando ya Ziwa Viktoria. Zamani, kabla ya misikiti na makanisa, Baganda walikuwa na mungu wa radi, naye aliitwa Kiwanuka. Siku hizi ni jina la watu wa kawaida. Ukisimama sokoni Kampala au Masaka ukaita "Kiwanuka!", nadhani watageuka watu kadhaa.

Mwezi Januari 1971, Jenerali Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda. Mwanzoni wako waliocheza ngoma barabarani. Halafu watu wakaanza kupotea. Mmoja wao alikuwa Benedicto Kiwanuka. Huyu aliwahi kuwa Waziri Mkuu wa Uganda mwaka 1962, na wakati wa Amin alikuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 watu wa Amin walimkamata katika Mahakama Kuu, Kampala. Hakurudi tena nyumbani kwake. Sisemi kwamba mwimbaji wetu ni wa ukoo wake. Nimekwisha sema jina hili ni la wengi. Lakini kama Jaji Mkuu anachukuliwa kutoka ndani ya mahakama, je, mtu wa kawaida atajificha wapi?

Wasomaji wa Kagera hawana haja ya kuelezwa zaidi juu ya Amin. Wanayakumbuka ya Oktoba 1978, majeshi yake yalipovuka mpaka. Wanakumbuka pia Aprili 11, 1979, siku Kampala ilipotekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni.

Katika miaka hiyo ya Amin ndipo wazazi wa Michael walipoikimbia Uganda. Wakafika Uingereza, wakakaa London. Huko ndiko mtoto wao alikozaliwa, Mei 3, 1987.

KIJANA NA GITAA

Michael alikulia mtaa wa Muswell Hill, upande wa kaskazini wa London. Jirani zake wengi walikuwa Wazungu. Sasa fikiria mwalimu mgeni anaita majina darasani: Smith, Jones, Brown, halafu... Kiwanuka. Lazima atasita kidogo. Mtoto naye amezaliwa pale pale, anaongea Kiingereza kama wenzake, lakini jina linamtangulia na kusema kwamba baba katoka mbali.

Kijana huyu alipenda gitaa. Alipenda muziki wa roki, ule wa magitaa yenye kelele, kama wenzake wa mtaani. Taabu ilikuwa moja. Wapiga gitaa aliowaona katika muziki huo walikuwa Wazungu. Mpaka siku moja akaona filamu ya habari za Jimi Hendrix. Hendrix alikuwa Mmarekani mweusi, mwenye nywele nyingi kama kichaka, na alipiga gitaa la umeme kuwashinda wote. Alifariki London mwaka 1970. Michael alipomwona alijisemea moyoni: kumbe mtu kama mimi naye anaweza!

Hakuanza kwa kuimba. Alianza kwa kuwapigia wengine, hasa vijana wa London waimbao rapu. Hiyo ni kazi kama ya kibarua. Unaitwa, unapiga sehemu yako, unalipwa, unakwenda zako. Jina lako halitajwi na mtu. Lakini nyumbani alikuwa akiandika nyimbo zake, taratibu, kwa gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme.

Nyimbo za namna hiyo wenyewe huziita foku. Ni mtu mmoja, gitaa moja na hadithi moja. Si za kuchezea dansi sana, ni za kusikiliza. Tena waimbaji wengi wa siku hizi wa muziki huo huanza kwa kujitegemea. Hawangoji kampuni kubwa. Hutoa nyimbo zao katika vikampuni vidogo, mara nyingine vya wanamuziki wenyewe. Michael alipita njia hiyo. Mwaka 2011 kikampuni kimoja cha wanamuziki wa London, kiitwacho Communion, kilitoa nyimbo zake za kwanza. Mwaka huo huo mwimbaji mashuhuri Adele alimchukua katika safari zake, ili awe anaimba kabla yake. Januari 2012 shirika la utangazaji la BBC likamtangaza kuwa wa kwanza kati ya waimbaji wapya wa kuangaliwa mwaka huo. Machi ikatoka santuri yake ya kwanza, Home Again, maana yake "Nyumbani Tena". (Tukisema santuri hapa, maana yake ni nyimbo kadhaa zinazotolewa kwa pamoja, hata kama wengi sasa wanazisikiliza kwenye simu.)

Wakati huo wa mwanzo ndipo lilipokuja lile swali la jina.

JINA LINA KAZI GANI?

Tusiwaonee waliomwuliza. Wao walifikiri kama wafanyabiashara. Mteja akishindwa kulitamka jina, atakwenda kuuliza santuri ya nani dukani? Na wako waliobadili majina wakafanikiwa sana. Mfano tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 1946 alizaliwa mtoto Mji Mkongwe, Zanzibar, akaitwa Farrokh Bulsara. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza. Huko akajiita Freddie Mercury, akaimba na bendi ya Queen, na mpaka alipofariki mwaka 1991 dunia nzima ilikuwa ikimjua. Siwezi kusema alikosea. Jina ni lake, uamuzi ni wake.

Lakini nami nina kisa changu. Zamani karani mmoja aliandika jina la baba yangu vibaya kwenye kitambulisho changu. Akaruka herufi mbili. Nilimwonyesha, akaniambia, "Si linasomeka?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu, nikanyamaza. Nimetembea na jina hilo la makosa miaka kumi na moja. Baba alipokiona alicheka, ila hakukishika mara ya pili. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema jina ni sauti tu, huwa sijibu haraka.

Kiwanuka alilibakiza jina lake. Ila kulibakiza ni jambo moja, na kutembea nalo kifua mbele ni jambo jingine. Baada ya santuri ya kwanza aliingiwa na mashaka. Mwanamuziki mkubwa wa Marekani, Kanye West, alimwalika waje kurekodi pamoja. Wengine wangeruka kwa furaha. Yeye alikwenda, akakaa kidogo, halafu akaondoka kimya kimya bila kuaga. Mwenyewe amekwisha eleza kwamba alijiona hafai kuwa pale. Hata nyimbo alizorekodi baadaye kwa ajili ya santuri ya pili hazikukubaliwa na kampuni yake. Akafikiri kuacha kabisa.

Hakuacha. Mwaka 2016 alitoa santuri ya pili, Love & Hate, yaani "Upendo na Chuki". Iliingia namba moja katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Ndani yake kuna wimbo unaoanza kwa makofi, na jina lake maana yake ni "Mtu Mweusi Katika Dunia ya Weupe". Mambo ya Muswell Hill hayo, sasa ameyasema waziwazi.

Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo unakaribia dakika kumi. Nani atasubiri wimbo wa dakika kumi? Basi mwaka 2017 Wamarekani walikata kipande chake wakakiweka mwanzoni mwa mchezo wa televisheni uitwao Big Little Lies. Watu waliokuwa hawajapata kumsikia Kiwanuka wakausikia wimbo wake kila wiki. Hapa tujifunze neno moja: hakimiliki. Aliyetunga wimbo ndiye mwenye haki juu yake. Anayetaka kuutumia katika filamu au tangazo lazima aombe ruhusa na alipe.

Novemba 2019 ikatoka santuri ya tatu. Safari hii hakutafuta jina la kupendeza. Aliiita Kiwanuka, basi. Kwenye jalada amechorwa akiwa amevaa kama mfalme. Katika wimbo mmoja wa humo anasema wazi kwamba hatabadili jina lake. Wimbo huo unamkumbuka Fred Hampton, kijana mweusi wa Chicago aliyekuwa akitetea watu wake, akauawa na polisi nyumbani kwake alfajiri ya Desemba 4, 1969. Alikuwa na miaka 21.

Uingereza kuna tuzo iitwayo Mercury. (Hapana, si ya yule Freddie, majina yamegongana tu.) Kila mwaka waamuzi huchagua santuri chache, halafu moja hushinda. Mshindi hupewa pauni 25,000. Kiwanuka alikwisha kuchaguliwa miongoni mwa hizo chache mwaka 2012, akakosa. Akachaguliwa tena 2016, akakosa. Mwaka 2020 alichaguliwa mara ya tatu. Ulikuwa mwaka wa korona, hapakuwa na sherehe wala ukumbi uliojaa watu. Septemba 24 matokeo yalitangazwa kwenye televisheni, na ushindi ulikuwa wake. Kwa kuwa mwimbaji ni Kiwanuka na santuri ni Kiwanuka, watangazaji ilibidi walitamke jina hilo mara mbili.

Hajaacha kazi. Santuri yake ya nne, Small Changes, "Mabadiliko Madogo", ilitoka Novemba 2024. Ni ya polepole na laini. Wanaopenda kelele hawataipenda, mimi naipenda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Wazazi wa Michael waliondoka Uganda kwa sababu gani? Tafuteni kikundini mtu anayekumbuka wageni waliokimbilia huku miaka ile, awasimulie.

2. Farrokh Bulsara alibadili jina, Michael Kiwanuka hakubadili. Wewe ungefanyaje? Msikubaliane haraka.

3. Toa kitambulisho chako au kadi yako ya kliniki. Je, jina limeandikwa sawasawa? Liandike hapa chini, jina lako na la baba yako, kama wenyewe mnavyolitamka.

..............................................................