SWICHI YA GARI IKIFA

Hapa Mandewa magari ni mengi. Ukizungusha ufunguo gari lisiwake, na betri ni nzima, huenda swichi ya ufunguo imekufa. Fundi hufanya hivi:

1. Kwanza anafungua waya wa hasi (-) wa betri. Kama usukani una mfuko wa hewa, asome kitabu cha gari kabla ya kuugusa.

2. Anafungua kava la usukani. Skrubu anaziweka kwenye kopo.

3. Anaandika namba kwenye kila waya. Faida ya kusoma hiyo! Kisha anabadilisha swichi.

4. Anarudisha vitu. Kilichotoka mwisho kinarudi kwanza.

Kazi bado haijaisha. Katika magari mengi, swichi hukaa pamoja na kufuli ya usukani. Kufuli ikifungwa vibaya, usukani unaweza kujifunga njiani. Je, ikiwa ni kwenye mteremko wa Sekenke? Kwa hiyo jaribuni gari likiwa limesimama: washa, zungusha usukani kushoto na kulia, zima.

Nawe dereva, usizime gari mteremkoni ili kubana mafuta.

Maswali
1. Kwa nini tunafungua betri kwanza?
2. Kufuli ya usukani inaweza kuleta hatari gani?