Programu Zizaazo Programu

Mkulima hodari huchagua mbegu bora za msimu ujao. Kompyuta nayo yaweza kuchagua programu vivyo hivyo. Mwaka 1992 John Koza wa Marekani aliieleza njia hii katika kitabu kikubwa: kompyuta hutunga programu nyingi ovyo ovyo, huzijaribu, huchagua zilizo afadhali, kisha huchanganya sehemu zake ili zizae nyingine. Mwaka 2006 NASA ilirusha setilaiti zenye antena iliyobuniwa kwa njia ya namna hiyo.

Lakini yako mafumbo mawili ambayo hayajafumbuliwa sawasawa.

La kwanza ni kuvimba. Vizazi vikipita, programu hurefuka bila kuzidi ustadi. Badala ya x + 1 huja x + 1 + x − x. Jawabu ni lile lile, kazi imeongezeka. Ukiziadhibu mno zilizo ndefu, waweza kuua na ile ambayo ingezaa iliyo bora.

La pili ni kukariri. Tuseme twatafuta kanuni ambayo 0 hutoa 0, na 1 hutoa 2. Kanuni 2x yafaulu. X² + x pia yafaulu. Sasa ipe kila moja 2: ya kwanza yajibu 4, ya pili 6. Ipi ni kweli? Mifano yetu haisemi. Kuongeza mifano hupunguza shaka, wala hakuimalizi. Basi, nani ataiachia programu kama hiyo ipime dawa ya mgonjwa?

Zoezi: Tafuteni kanuni ya tatu itakayofaulu mifano hiyo miwili, lakini ikipewa 2 ijibu 8.