SOMO LA ROBO HII: Mwenzetu Mwislamu na swala ya kazini



Robo hii tunajifunza jambo linaloonekana dogo, lakini limewahi kutuaibisha. Miaka kadhaa iliyopita, tukijenga darasa kwenye eneo la kanisa huko juu migombani, kamati yetu ilipanga kuwalipa mafundi Ijumaa saa 7 mchana. Mafundi wawili hawakuwepo. Katibu akaandika "hawakufika", na fedha zao zikarudishwa benki. Walikuja kulipwa Jumatano, baada ya familia zao kukopa unga dukani. Kumbe walikuwa wameteremka msikitini. Tulipomuuliza mmoja wao kwa nini hakutuambia mapema, alijibu, "Mzee, hapa ni kwa kanisa. Sikutaka kuonekana mkorofi."

Hakuna aliyewachukia mafundi wale. Kosa letu ni kwamba hatukuwauliza.

Swala zinaangukia saa ngapi?

Mwislamu huswali mara tano kwa siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Wengi wetu tukisikia "mara tano" tunadhani kazi itasimama mara tano. Sivyo. Nyakati za swala hufuata jua. Hapa Moshi adhuhuri huingia kati ya saa 6:15 na 6:45 mchana mwaka mzima. Alasiri huingia kati ya saa 9:15 na saa 10 na dakika chache, kutegemea mwezi. Kwa hiyo anayefanya kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 ana swala moja tu ambayo lazima iangukie ndani ya kazi, nayo ni adhuhuri. Anayetoka saa 11 huingiliwa pia na wakati wa alasiri akiwa kazini.

Tena, swala haina dakika moja tu ya kuswaliwa. Kuiswali mapema ni bora, lakini wakati wa adhuhuri huendelea mpaka alasiri inapoingia, yaani takriban saa tatu. Muuguzi mwenye mgonjwa mezani anaweza kumaliza kumhudumia kwanza. Wenzake wawili wanaweza kupokezana. Swala yenyewe, pamoja na udhu, kwa kawaida haizidi robo saa.

Kinachohitajika

Ni vitu vichache: maji, mahali pasafi, na utulivu. Kwa udhu mtu huosha uso, mikono hadi viwiko na miguu hadi vifundo, na kupaka maji kichwani. Kopo moja la maji linatosha. Mahali panaweza kuwa kona ya stoo iliyofagiliwa na kutandikwa mkeka. Kuhusu kibla, Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Moshi. Aliyeko mjini akielekea Kibo hajakosea sana.

Ijumaa ni tofauti

Mchana wa Ijumaa wanaume hukusanyika msikitini kwa hotuba na swala ya pamoja, badala ya adhuhuri ya kila siku. Hii haiwezi kusogezwa na mtu mmoja mmoja, maana imamu ndiye anayeiongoza kwa saa iliyopangwa. Huku mlimani makanisa ni mengi na misikiti ni michache, hivyo fundi anahitaji pia muda wa kwenda na kurudi. Anaweza kufidia kwa kuanza kazi mapema au kuchelewa kutoka. Qurani yenyewe, katika sura ya Ijumaa, inawataka waumini waache biashara waende kuswali, na swala ikiisha watawanyike kutafuta riziki. Kurudi kazini ni sehemu ya mafundisho hayo.

Tusiwasahau walinzi

Ugumu zaidi uko kwa wanaopokezana zamu jioni. Jua la Moshi huzama kati ya saa 12:20 na 12:50, na wakati wa magharibi ni mfupi, kama saa moja na ushee. Zamu ikibadilishwa katikati ya muda huo, mlinzi hujikuta akiacha geti au akiacha swala. Kusogeza makabidhiano kwa nusu saa tu kunaweza kumwondolea mtihani huo. Mwezi wa Ramadhani ni saa hiyo hiyo anayofuturu.

Na wageni wetu wanaokuja kupanda mlima wafahamu kwamba safari ya kileleni huanza usiku wa manane, hivyo alfajiri huwakuta njiani. Mgumu Mwislamu akiomba dakika chache, mpeni. Uislamu una nafuu zake. Asiyepata maji hutayamamu kwa udongo, na asiyeweza kusimama huswali ameketi.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini, na inataka anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mapumziko hayo yakipangwa baada ya saa 6:45 mchana, swala ya adhuhuri inaingia humo bila kumwongezea mwajiri gharama yoyote.

Somo kwetu Wakristo

Tumkumbuke Danieli. Alikuwa mtumishi wa serikali ya ugenini, akiomba mara tatu kwa siku akielekea Yerusalemu. Wenzake walitafuta kosa katika kazi yake wasilipate, ndipo wakamtegea kwenye sala. Tukimsifu Danieli Jumapili, tusiwe kama wale wenzake Ijumaa.

Fundi yule aliogopa kusema kwa sababu tulikuwa wenyeji naye mgeni. Mwenye nyumba ndiye anayeanza kumkaribisha mgeni.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, tunajua ni wafanyakazi na vibarua wangapi wa mradi wetu ni Waislamu? Nani amewahi kuwauliza mahitaji yao?
2. Malipo, semina na mikutano yetu ya Ijumaa hupangwa saa ngapi?
3. Ni kona ipi ya eneo letu inaweza kuwekwa mkeka na kopo la maji?
4. Tukiajiriwa sisi mahali penye Waislamu wengi, tungependa kutendewaje Jumapili?